Gari Lililoshuka na Mimi Ndani

Mjukuu wangu wa kike ni fundi magari pale Iyunga. Wanaume wazima na ndevu zao wanampelekea magari. Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini shokapu na springi, zile zinazozuia gari lisirukeruke, nazijua kwa kumsikiliza yeye.

Siku hiyo nilimpelekea ugali na maharage. Mvua ya rasharasha, baridi inauma mifupa. Nikakuta gari kubwa jeusi liko juu ya jeki, la tajiri mmoja wa dhahabu wa Chunya. Alilinunua likiwa limeshatumika Ulaya. Miguu ya mjukuu wangu imetokeza chini yake.

"Bibi, nakuja! Subiri hapo pembeni!"

Mimi nimeona viti vya ngozi. Nikafungua mlango, nikakaa zangu, nikafunga.

Gari likapumua. Fyuuu! Likaanza kushuka, mimi ndani, mtoto wangu chini.

Nilipiga yowe mpaka wauza viazi wa barabarani wakaja mbio. Ugali ulimwagika. Nikajitupa kwenye tope, nikamkamata miguu nimvute. Akanipiga teke.

"Niache, Bibi! Niko mzima!"

Kumbe kabla ya kuingia chini ya gari alitegesha magogo mawili. Gari lilikuwa limeyalalia. Kati ya chuma na pua yake palibaki kiganja kimoja tu.

Akatoka. "Nilikwambia usubiri wapi?"

"Gari gani linashuka kwa kufunga mlango?"

"La shokapu za upepo. Lina kompyuta, mtu akikaa linajipima, linajipandisha au kujishusha lenyewe. Na hili mpira mmoja wa shokapu unavuja. Jeki ilishika magurudumu, bodi ndilo lililoshuka." Akanionyesha pikapu kuukuu iliyokuwa pembeni. "Ile ya springi ungeingia na ng'ombe, ingetikisika tu ikatulia."

Mwenye gari alipofika nilimvaa. "Ng'oa huo upepo, uwekewe springi!"

"Bibi yangu, kwa barabara za Chunya, springi zitanivunja kiuno. Hili ni kama umelala kitandani."

"Kitanda gani kinataka kuua mtoto wangu?"

Akacheka, mjinga yule. Mjukuu akamfungia mpira mpya wa upepo kwenye shokapu, maana gari ni la mtu. Wakanizungusha kulijaribu. Kweli, matuta sikuyasikia hata moja. Nilichosikia ni moyo wangu.

Sasa nikifika gereji nasimama barabarani kwenye mvua, naita. Asipoitika, sigusi hata kitasa.