Dume la Mchango

Wifi yangu Marietha ana upole wa kukera. Ukimwambia nyumba inaungua, atamalizia kukamua kwanza. Nimeishi naye ua mmoja tangu kaka yangu Damiani alipomuoa, na mpaka leo kuna siku natamani kumshika mabega nimtikise. Nalisema hili mapema ili ujue kwamba yaliyotokea hapa Unyasuri hayakuletwa na mwanamke mwenye mdomo. Mwenye mdomo ni mimi, Theodora, na siku ile nilikaa kimya kwa sababu alinifinya paja.

Alikuja kwetu kutoka Mandewa, mtoto wa fundi cherehani, hajui hata ng'ombe anasogelewa upande gani. Siku ya kwanza alipigwa teke, maziwa yakaenda chini, mama yangu akamwambia arudi mjini akanunue ya pakiti. Tulicheka sana, na mimi nilicheka kuliko wote. Kesho yake akarudi bomani na kigoda cha kukalia, na keshokutwa akarudi tena. Mama alipozeeka hakutaka kunywa maziwa yaliyokamuliwa na mtu mwingine, hata mimi binti yake wa kumzaa.

Kisha Damiani akaugua. Ng'ombe walikwenda mnadani mmoja mmoja, hospitali ikawala wote, na kaka yangu akafa vilevile. Tulibaki na boma lenye miba pande zote na ndani hakuna kitu. Sijui kwenu, lakini kwetu boma tupu ni aibu ya kutembea nayo barabarani. Mtu akipita anauliza hapa pana watu kweli? Nilimkuta Marietha analifagia lile boma, anafagia vumbi tupu, na hapo ndipo nilipomuona akilia. Aliniambia, "Wifi, nataka humu ndani wawemo wangu. Hata mmoja." Hakuwahi kutaka kitu kingine.

Ndipo akaja Fabiano Ntandu. Huyu ni mtoto wa hapahapa aliyepata mali Singida Mjini kwa mashine ya kukamua alizeti. Alikuwa na desturi ya wazee wetu wenye mifugo mingi: usiwaweke wote sehemu moja. Unawekesha sita kwa huyu, kumi kwa yule, ugonjwa ukipiga boma hili lile linabaki, na wenye jicho la husuda hawajui una ng'ombe wangapi. Kwa Marietha aliwekesha mitamba sita. Makubaliano yalifanyika mbele ya Mzee Isaka, mwenyekiti wetu wa kijiji: maziwa na samadi ni vya Marietha, na kila ng'ombe akizaa mara ya tatu, ndama huyo ni wake. Hawakuandikishiana chochote. Mzee Isaka akishasikia, kwetu imetosha.

Aliwalea, jamani. Kiangazi aliwapeleka bwawani kabla jua halijatoka, masika alilala na miguu yenye matope. Maziwa yakamsomesha binti yake Hana mpaka akaingia chuo cha ualimu Kinampanda. Mitamba ikazaa, ikazaa tena, na wanne kati yao wakafika uzao wa tatu. Marietha akampigia simu Fabiano. Akajibiwa kwa ukarimu wote, "Wa kwako si hao hapo, Marietha? Nikipata nafasi nitakuja tugawane." Nafasi hakuipata. Miaka ikaenda, ndama wale wakakua, nao wakaanza kuzaa. Mimi nikawa namwambia kila siku aende mjini akamdai. Ananijibu, "Ng'ombe hawaozi, wifi." Nilikuwa naondoka kwa hasira naenda kupepeta mtama ambao hata haukuhitaji kupepetwa.

Mwaka wa uchaguzi Fabiano akachukua fomu ya ubunge. Siku moja akaingia kijana wake wa kampeni, Deo, na pikapu. Akatoa shikamoo safi, akasema bosi ameagiza dume jekundu. Lile dume Marietha alilikuza mwenyewe, uzao wa pili wa ng'ombe tunayemwita Pembe Moja kwa sababu pembe nyingine aliivunja kwenye mapigano ya bwawani. Lilikuwa likisikia sauti yake linakuja. Lakini ng'ombe ni wa Fabiano, na Marietha si mtu wa kuzuia mali ya mtu. Akalifunga kamba mwenyewe. Lilichinjwa, likapikiwa wali, watu wa kampeni wakala wakashiba.

Jumamosi yake mkutano wa kampeni ukafanyika uwanja wa shule. Fabiano akapanda jukwaani na shati lililochakaa ambalo sijui alilitoa wapi, maana mashati yake tunayajua. Akasema yeye hana mali, ni mtu wa watu. Akasema gharama zake za kampeni ziko wazi, kila shilingi itaandikwa ilikotoka, na kila mchango utatajwa. "Hata nyama mliyokula juzi si yangu," akasema. "Kuna mama mjane hapa, Marietha, amejinyima akanichangia dume zima. Jina lake nimeliandika kwenye fomu. Simama mama, watu wakuone."

Vigelegele vikapigwa. Marietha akasimama, akainama kidogo, akakaa. Mimi nilikuwa nimeshanyanyuka nusu, maneno yako kwenye meno, na hapo ndipo alipolifinya paja langu mpaka nikaona nyota.

"Umemsikia?" nikamuuliza.

"Nimemsikia."

"Na unanyamaza?"

"Amesema dume lilikuwa langu," akajibu, akajifunika kanga yake vizuri kama mtu aliyelipwa.

Sikuelewa. Nilidhani jua limemuingia.

Fabiano akashinda. Baada ya kuapishwa, redio moja ikamhoji kuhusu tamko la mali ambalo viongozi wanatakiwa kulijaza. Tulikuwa bomani, simu yangu imetundikwa kwenye mti wa lango, Marietha anamkamua Pembe Moja. Mheshimiwa akataja: nyumba moja, gari la mkopo, mashine ya alizeti. Mtangazaji akamuuliza, wewe mtoto wa wafugaji, ng'ombe je? Akacheka akasema, "Ng'ombe sina, ndugu yangu. Hata mkia." Marietha aliacha kukamua. Akacheka mpaka akashika mbavu, na Pembe Moja akageuka kumtazama.

Haikupita muda mrefu likaja lori. Safari hii Deo alikuwa na wanunuzi wa mnadani. Kampeni ilikuwa imeacha madeni, na bei ya ng'ombe ilikuwa imepanda. Maelekezo, akasema, ni kubeba wote.

"Na ndama wangu wa uzao wa tatu?" Marietha akauliza.

"Mama, mimi nimeambiwa wote."

Wote maana yake ni boma tupu tena, kama baada ya msiba, na safari hii hakuna Fabiano wa pili wa kuja na mitamba. Lakini lori la mifugo haliondoki kijijini bila kibali, na kibali kinaandikwa na mtendaji wa kijiji, binti mmoja mkavu anaitwa Joyce. Tukaenda wote ofisini. Joyce akashika kalamu, akauliza mwenye mifugo ni nani.

Deo akafungua mdomo, akaufunga. Akatoka nje na simu. Tulimuona kupitia dirishani anakuna kichwa, anatembea, anakuna tena. Akarudi. "Andika jina la huyu mama."

Joyce akamwangalia Marietha. "Mama, ni wako?"

"Kama wanasema ni wangu," akasema Marietha kwa sauti yake ileile ya kubembeleza ndama, "basi siuzi."

Lori liliondoka tupu. Mimi niliwasindikiza wanunuzi kwa nyimbo mpaka njia panda, na sioni haya kusema hivyo.

Furaha yetu ilikuwa fupi. Deo alirudi na ujumbe kwamba mheshimiwa atafungua kesi ya wizi wa mifugo. Tusidanganyane, niliogopa. Hana alipiga simu kutoka chuoni akilia, anamsihi mama yake awaachie ng'ombe waende. Marietha naye aliogopa, najua kwa sababu siku ile alimwaga maziwa, kitu ambacho hakijatokea tangu enzi za mama. Aliiokota ndoo, akaisuuza. Kisha akaniambia, "Akashitaki. Polisi watamuuliza kaibiwa nini, na yeye redioni alisema hana."

Kumbe hicho ndicho alichokuwa amekikalia tangu siku ya mkutano. Na mimi niliyejiona mjanja wa ua mzima nilikuwa nafikiri jua limemuingia.

Polisi hawakuja. Aliyekuja ni mheshimiwa mwenyewe, kwenye ziara ya kushukuru wapiga kura, uwanja uleule wa shule. Kabla ya mkutano alimwita Marietha pembeni ya gari lake, nami nikajipeleka bila kuitwa.

"Marietha, sisi ni watu wa nyumbani," akasema. "Chukua wawili, uwaache wengine waende, tuyamalize hapahapa."

Wawili. Nikamgusa wifi yangu kiwiko akubali. Nakiri, mimi ningechukua wale wawili nikakimbia.

"Asante, mheshimiwa," akajibu. "Lakini yalianza mbele ya Mzee Isaka. Twende tukayamalizie mbele yake."

Akaenda kukaa mstari wa mbele. Mheshimiwa akashukuru, akaahidi barabara, akapigiwa makofi. Mzee Isaka, aliyekuwa anaendesha mkutano, akauliza kama kuna mwenye swali. Marietha akasimama. Uwanja wote ulimjua: ndiye mama wa dume.

"Shikamoo mwenyekiti. Mheshimiwa, karibu nyumbani. Mimi nina swali dogo. Wakati wa kampeni ulisema nimekuchangia dume, na jina langu umeliandika. Naomba uwaambie ndugu zangu hawa, lile dume, mama yake ni wa nani?"

Kwanza kulikuwa na kicheko, kile cha watu wasiojua wanacheka nini. Halafu kikakatika kidogokidogo, maana hapa kwetu hakuna asiyejua hesabu hiyo. Dume lile la uzao wa pili likiwa la Marietha, basi aliyelizaa ni wa Marietha, na dada zake, na watoto wao, boma zima. Na kama Pembe Moja ni wa mheshimiwa, basi dume halikuwa mchango wa mjane, lilikuwa nyama yake mwenyewe, na ule mkia alioukana redioni unapunga nzi kwenye boma letu.

Mheshimiwa akamtazama Deo. Deo akatazama viatu vyake. Jasho lilimtoka mheshimiwa na kulikuwa na upepo.

Angeweza kusema ni wa Marietha. Nilimuona akilipima, naapa. Lakini upande wa kulia walikuwa wamekaa watu wengine watatu aliowawekesha ng'ombe, nao walikuwa wamejiinamia mbele, masikio yote wazi. Akisema hao wa Marietha si wake, kesho anabaki na ng'ombe gani?

"Ni wangu," akasema, chini chini.

"Hatusikii huku nyuma," sauti ikatoka. Ilikuwa yangu.

"Ni wangu. Wote niliwawekesha kwake. Nilikosea kusema sina, na nilikosea kusema lile dume ni lake. Nitarekebisha kwenye tamko langu na kwenye fomu ya gharama."

"Asante," akasema Marietha. "Mimi si mwizi, mheshimiwa. Cha mtu sikitaki. Sasa Mzee Isaka aseme tulikubaliana nini."

Mzee Isaka akasema, polepole, neno kwa neno, ndama wa uzao wa tatu. Watu wakashangilia kabla hajamaliza. Jioni ileile walikwenda bomani, mheshimiwa na viatu vyake vya kung'aa katikati ya samadi, wakatenga wale wanne wa uzao wa tatu pamoja na watoto wao. Wakatoka saba. Kisha Marietha akaomba kitu kimoja zaidi.

"Na jina langu ulifute pale kwenye wachangiaji. Mimi sikuwahi kukuchangia kitu." Akafunga lango la boma taratibu. "Hata kura sikukupa."

Wifi yangu huyo. Miaka yote ile nilikuwa naishi naye, nikidhani mdomo ninao mimi.

Baadaye tulisikia mheshimiwa aliandika barua ya kurekebisha tamko lake. Yaliyompata huko juu siyajui, na sitayatunga. Ninachojua ni kwamba wale watatu wengine aliowawekesha nao walipata ng'ombe wao ndani ya mwezi huo bila hata kuuliza. Ng'ombe wa Fabiano waliondoka na lori, kibali kina jina la Fabiano, Joyce aliliandika kwa herufi kubwa.

Pembe Moja hakuondoka. Marietha alimnunua kwa mtamba mmoja wa kwake, kubadilishana ng'ombe kwa ng'ombe, na hilo nalo nilimpigia kelele, kwamba anatoa mtamba mzima kwa bibi wa pembe moja. Akachukua kigoda chake akaenda kumkamua.

Mwezi uliopita akaja bwana mifugo na hereni za kuvalisha ng'ombe masikioni, kila ng'ombe na namba yake, na kila namba na mwenyewe. Wakavalishwa wote saba, tukawashika mimi na Hana. Bwana mifugo alipomaliza alianza kukusanya vifaa vyake. Marietha akamzuia.

"Baba, samahani. Umeandika mwenye mifugo nani?"

"Marietha Damiani."

"Soma tena," akasema.

Bwana mifugo akasoma tena. Akanitazama mimi, labda akitaka kujua kama mama huyu ni mzima. Nikamwambia asome mara ya tatu, na mara hii asome kwa sauti, njiani kuna watu wanapita.