Mguu Mmoja Juu ya Theluji

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya arusi yangu, mwanangu, ni ile niliyosimama juu ya mlima mweupe, mbali sana na Kisumu, nikiwa na mguu mmoja tu, nikatazama chini nikakosa la kusema. Mimi ninayesema sana, kama unijuavyo.

Keti nikusimulie, maana nikianza na mlima hutanielewa.

Mimi ni mtoto wa Dunga, pale ufukoni mwa ziwa, Kisumu. Baba alikuwa mvuvi, mama akiuza samaki soko la Kibuye. Nikiwa shule ya msingi, ugonjwa uliingia kwenye mfupa wa mguu wangu wa kushoto, na madaktari wakaukata juu ya goti ili mimi nibaki hai. Wapo majirani waliosema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," kana kwamba mtoto anaweza kukosa adabu mpaka mfupa wake uoze. Usiwe mwepesi wa kumrushia mtu methali, mwanangu. Methali ni dawa, lakini dawa ikimwagwa kwenye jicho hupofusha.

Nilikua na magongo yangu. Boti zikirudi, nilikuwa wa mwisho kufika majini. Kengele ya kanisa ikilia, nilikuwa wa mwisho kuingia. Sikulia kwa hayo. Ila niliijua migongo ya watu wote wa Dunga, kwa sababu siku zote nilikuwa nyuma yao.

Miaka ya themanini ikielekea ukingoni, kanisa letu likanipatia nafasi ya kwenda Austria kujifunza kutengeneza miguu ya bandia. Nikaenda. Huko nikakuta baridi ambayo sikujua Mungu ameiumba. Mimi barafu niliyoijua ni ile ya malori yaliyokuja kubeba mbuta, samaki wakubwa wa ziwa letu, ile ya vipande vigumu iliyonuka samaki. Theluji ni kitu kingine kabisa. Inashuka polepole bila sauti, na asubuhi ukiamka unaona nyumba, miti na barabara vyote vimefunikwa shuka moja. Siku ya kwanza nilifungua dirisha nikanong'ona, kama mtu aliyeingia kanisani amechelewa.

Katika karakana yetu alikuwapo mzee mmoja, Bwana Yosef, aliyepoteza mguu vitani akiwa kijana. Alikuwa mtu wa maneno machache. Siku moja alinitazama nikitembea na mguu wa bandia, nikichechemea, akaniambia, "Jumamosi uje mlimani. Mguu huo uache nyumbani."

Nilidhani anatania. Jumamosi nikaenda, na nikashika mdomo. Watu wasio na mguu, watu wasio na mkono, watu waliofungwa kwenye viti vidogo kwa sababu miguu yao haina nguvu, wote wanateremka mlima ule kwa kasi ya mwewe anayefuata kifaranga. Mwenye mguu mmoja anavaa ubao mmoja mrefu na mwembamba wa kutelezea, na mikononi anashika magongo mafupi yenye vibao vidogo kwenye ncha zake. Ukimtazama unaona mistari mitatu nyuma yake kwenye theluji, safi kama iliyochorwa kwa rula.

Bwana Yosef alinifundisha kwanza kuanguka. Majuma mazima nilianguka tu. Nikianguka anasema, "Tena." Nikisimama vizuri anasema, "Tena." Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama mpaka theluji ikaingia masikioni. Kisha ikaja asubuhi moja ubao ukanitii. Nilikata kushoto, nikakata kulia, upepo ukanipiga usoni, nikawapita watu wawili wenye miguu yao yote miwili. Mwanangu, kwa mara ya kwanza maishani nilisikia watu nyuma yangu. Nilifika chini nikilia, na Bwana Yosef akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Baada ya hapo akaniingiza kwenye kundi la wanaoandaliwa kwa mashindano. Kule hushindani kwa kuteremka ovyo. Wanasimika nguzo nyekundu na za buluu kutoka juu mpaka chini, kila jozi ni mlango, na lazima upite kila mlango. Ukiruka mmoja tu, hata ukiwa na mbio za swala, umetoka. Nilifanya mazoezi msimu ule wote na uliofuata. Siku za kazi nilichonga miguu ya wengine, Jumamosi nikaufundisha wangu.

Kisha nikavunjika. Hapakuwa na kosa la mtu. Ubao ulinasa kwenye barafu ngumu iliyojificha chini ya theluji laini, mwili ukaenda huku, mguu ukabaki kule. Nikausikia mfupa. Ulikuwa mguu wangu wa kulia, mwanangu, ule mmoja niliobaki nao.

Nilirudishwa nyumbani Dunga kupumzika, plasta imeshatolewa, mguu umekonda kama mkono. Niliposhuka kwenye gari, mama hakunisalimia kwanza. Alipiga magoti chini akaushika ule mguu.

"Ulibakishiwa mmoja," akasema. "Huu nao unataka kuutupa?"

Mama alikuwa na haki, na mpaka leo anayo. Majirani nao wakasema Mungu amenionya mara mbili na mara ya tatu hataonya. Nikaamua kimya kimya kwamba basi, imetosha. Nitamaliza masomo ya kazi yangu, lakini mlima sitaukanyaga tena. Kila aliyekuja kunijulia hali nilimsimulia jinsi mfupa ulivyolia, na kila mmoja akatikisa kichwa, na mimi nikapata faraja katika vichwa vile vinavyotikisika.

Ndipo akaja dani, mama yake baba yangu. Alikaa upande wa Sondu, na safari ya kwenda mbali kuliko zote alizowahi kufanya ni hiyo ya kuja kwetu. Alikaa mbele yangu, akakataa chai kwanza.

"Nyathina," aliniita, yaani mtoto wangu, "niambie habari za huko."

Nikaanza kumsimulia mfupa. Alisikiliza kidogo, akainua mkono.

"Hiyo nimeambiwa na kila mtu njiani. Mguu umevunjika, nimeuona, pole. Nimeuliza habari za huko. Huko juu kuna nini?"

Nikauacha mfupa. Kisha nikaanza kumwambia. Nikamwambia theluji inavyoshuka bila sauti. Nikamwambia kwamba juu kabisa kuna ukimya mpaka unasikia damu yako mwenyewe, na mawingu yako chini yako kama ziwa, na vilele vingine vimechomoza kama visiwa. Nikamwambia habari za watu waliofungwa kwenye viti, na mistari mitatu, na wale wawili niliowapita. Sijui nilisema muda gani. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama mlangoni. Dani alikuwa ameshika kinywa chake kwa viganja viwili.

Nilipomaliza akanikemea, kwa sauti ya chini, na kemeo hilo ndilo lililonilea kuliko mengine yote.

"Umeona mahali ambapo Mungu ameweka mambo makubwa namna hiyo, na hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kupaona. Halafu unakaa hapa mwezi mzima unawapa watu mfupa tu? Mtu akitoka safari huleta kitu nyumbani. Wewe ulikuwa nacho, ukakificha, ukatugawia maumivu."

"Dani, ninaogopa," nikamwambia.

"Ogopa. Nani amekukataza? Lakini usiseme uongo kwamba ulichokiona huko ni hofu peke yake."

Mama bado alikuwa mlangoni. Aliniangalia sana, akasema, "Kama utaenda, nenda. Lakini mimi sitaacha kuogopa, usiniombe hilo." Sikumwomba.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nguvu ziliporudi nilianza kupanda kilima cha Riat kwa magongo. Pale Dunga niliwaomba wavuvi wanipeleke majini, nikasimama kwenye boti kwa mguu mmoja, mawimbi yakinitikisa, ili mwili ukumbuke kujisawazisha. Wavuvi walinicheka mpaka wakachoka, kisha wakaanza kunisahihisha. "Kunja goti, dada! Usipigane na maji!" Bwana Yosef mwenyewe hangesema vizuri zaidi.

Nikarudi Austria, na msimu wa theluji ulipofika nikaandikishwa kwenye mashindano yangu ya kwanza. Ndiyo siku ile niliyoanza nayo. Niko juu, na nasikia tena ule mfupa. Mbele yangu kwenye foleni alikuwa mama wa makamo anayeitwa Greta, na binti yake. Nikaona binti anaushika mkono wa mama na kumwelekeza mahali pa kusimama. Ndipo nikaelewa kwamba yule mama haoni. Hakuona hata kidogo. Binti angetangulia huku akipaza sauti, na mama angemfuata kwa sikio.

"Mama," nikamwambia, maana nilishindwa kumwita vingine, "unawezaje?"

Alicheka. "Huu mlima sijawahi kuuona. Ila namjua binti yangu. Akisema kushoto, kushoto ipo."

Wakaondoka. Sauti ya binti ilisikika ikipungua chini ya mlima, kushoto, kulia, kushoto, na mama nyuma yake akipinda kama maji yanayofuata mfereji, hakugusa hata nguzo moja. Nilikuwa nimemwona binadamu akijiachia gizani kwa kasi ile kwa sababu ya sauti ya mtu ampendaye. Nimeishi miaka mingi tangu hapo na sijaona kingine kilichonishinda maneno kama hicho.

Nikaitwa. Nikateremka. Milango ya juu niliipita vizuri, hata nikaanza kufurahi. Katikati ya mlima ubao ukateleza pembeni, nguzo ikanipita upande usio wake. Mlango mmoja nimeuruka. Sheria ya siku zile iliruhusu urudi ukaupite, mradi uweze kupanda. Watu wengi hawarudi, huteremka pembeni taratibu na kuvua kofia. Nilitazama juu. Haikuwa mbali kwa mwenye miguu miwili.

Nikasikia Bwana Yosef kutoka ukingoni. Hakusema "tena" safari hii. Alisema, "Panda."

Nikapanda kwa ubavu, ubao mmoja na magongo mawili, nikiteleza na kupanda, kifua kikiwaka moto. Nikauzunguka mlango, nikaupita, nikaendelea na iliyobaki mpaka chini. Nilikuwa wa mwisho kati ya waliomaliza. Walioshindwa kumaliza walikuwa wengi. Greta alikuwa anangoja pale chini, na alipoambiwa na binti yake kilichotokea alinitafuta kwa mikono, akanikumbatia na makoti yetu mazito.

Kumaliza kule kulinifungulia msimu uliofuata, na mingine baada yake. Sikuwahi kuwa wa kwanza. Mara moja nilikuwa wa tatu, na mama aliitundika ile medali ukutani, ingawa alisema inamwogopesha. Miaka ya tisini nilirudi Kisumu moja kwa moja kufanya kazi yangu, nikatengeneza miguu mpaka nikastaafu. Na kila mtoto niliyempima mguu nilimsimulia mlima kwanza.

Sasa wewe, mwanangu, sikia nasaha ya mzee. Utaumia, hilo sikufichi. Lakini ukiumia mahali pa ajabu, usiache maumivu yaifute ajabu. Simulia vyote viwili, na ajabu uitangulize. Chagua mapema sauti ya kuifuata, iwe ya mtu anayekujua na anayeijua njia, kwa maana kuna mahali macho yako hayatakufaa kitu. Na ukiruka mlango, usivue kofia haraka. Panda. Kawia ufike.

Mungu akujalie goti linalojua kukunjwa, moyo usioona aibu kushangaa, na nyumba ya kurudi ambamo mtu atakuuliza habari za huko. Amina.