Masale ya Herieli Kando ya Mto

Mimi shule niliishia darasa la tano, tena kwa hiari yangu, lakini Bagara nzima mtu akikwama ananiuliza mimi. Herieli naye aliniuliza. Hapo ndipo nilipomharibia.

Alikuwa Mmachame aliyekuja Babati kulima mchicha kando ya mto. Nilizoea kumtania, "Mchaga gani wewe, huna hata kioski?" Anacheka, anaendelea kumwagilia. Mtoto wake wa kwanza alifariki akiwa na siku nne. Mkewe, Evelyne, bado alikuwa amelazwa, basi tukamzika wawili tu, mimi na yeye, chini kabisa ya shamba, karibu na maji. Kwao mtu huzikwa kwenye ardhi yake. Juu akapanda masale, yale majani marefu ambayo Wachaga hupanda makaburini, na mipakani vilevile. Msalaba hakuweka. Joyness alizaliwa baadaye.

Mkoa wetu mpya ukiwa na mwaka wa pili, wakaja watu wa mradi. Ukingo wote ufunguliwe: njia ya miguu, viti, miti ya kivuli, watoto wacheze. Kitu kizuri, sikatai. Zamani ukitaka kuyaona maji lazima uruke uzio wa mtu. Wenye mashamba wangepewa viwanja Maisaka, ukubwa kwa ukubwa.

"Baba Joyness," nikamwambia, "shamba lako dogo kama leso. Ng'oa yale masale, yagawe, panda mstari mpaka kule kwenye matete. Mpimaji akija, sema ndio mpaka."

"Na mtoto?"

"Mtoto si yuko chini? Atakimbilia wapi? Tutamhamisha baadaye."

Shina moja tukaligawa, yakawa kumi na manne. Nilijisifu wiki nzima.

Mpimaji, jina lake Konstantini, akaandika mpaka. Akauliza, "Kuna kaburi humu?"

Herieli akanitazama. Tukisema lipo, atataka kuonyeshwa, na masale yaliyong'olewa juu yake yatatuumbua kwamba mpaka ni wa juzi tu. Nikajibu mimi: "Hakuna."

Masika ikaja, mto ukafurika, ukaacha tope hadi magotini. Maji yalipokauka, kisiki tulichokuwa tunapimia lilipo kaburi kilikuwa kimesombwa, na masale yote yanafanana. Herieli akaenda kwa Konstantini kukiri kwamba kaburi lipo; la mpaka hakuligusa. Yule bwana hakuwa mbaya, akatupa siku mbili kabla ya greda. Tukachimba mashimo tisa, mchungaji amesimama na kitambaa cheupe mkononi. Hatukupata hata mfupa.

"Jaribu pale," nikasema.

"Umeshasema pale mara nane." Akaweka jembe chini, akaondoka.

Greda ikapita. Kule Maisaka Herieli akapewa kiwanja kinachozidi cha kila mtu. Hajakilima mpaka leo. Salamu yangu haitikii.

Siku ya kufungua bustani watu walijaa. Evelyne akanifuata. "Shemeji, Baba Joyness amekataa kuja, na hasemi kwa nini. Wewe ulikuwepo. Mwanangu yuko wapi?"

Mimi, ambaye sikosagi neno! Nikanyoosha kidole kwenye nyasi, kati ya viti viwili.

"Hapo."

Akavua kandambili, akapiga magoti, watoto wanamzunguka na mpira wao. Sasa kila Jumapili akitoka kanisani anakuja kukaa palepale, na akinikuta ananishukuru.