Masikio ya Mbwa wa Baba Mkwe

Nzi hawana haya. Miaka ile ya sitini, nilipokuwa bibi arusi mpya upande wa Kebirigo, walimtafuna mbwa wa baba mkwe ncha za masikio mpaka zikachubuka. Vilikuwa vidonda vidogo tu. Kila asubuhi mbwa alikuja jikoni kwangu, nikamwosha kwa maji ya chumvi na kumpaka dawa ya zambarau, naye akatulia.

Kisha akala mayai ya jirani, na baba mkwe akamfunga kamba mlangoni pake. Mambo yaliharibikia hapo. Kwetu mke wa mwana hasogelei nyumba ya baba mkwe, wala hamsemeshi ana kwa ana. Hiyo ndiyo heshima tunayoiita chinsoni. Mama mkwe alikuwa amekwisha kufa, mume wangu yuko kazini Kisii mjini, na jirani, baada ya mayai yale, angemgusa mbwa yule kwa rungu tu.

Nikawa nakaa jikoni nikimsikia anavyotikisa kichwa, masikio yakipiga ukuta. Damu iliacha madoa pale. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Lile halikuwa la kufa hata kidogo, na dawa ninayo! Nilikasirika mpaka ugali ukaungua.

Siku moja uvumilivu ukanishinda. Niliweka chupa juu ya jiwe katikati ya ua, nikarudi nyuma, nikapaza sauti: "Wewe mbwa, dawa yako iko juu ya jiwe."

Mzee naye akasema na mbwa: "Mwambie aliyeileta, macho yangu hayaoni vizuri."

Hata hivyo alikuja akipapasa kwa fimbo, akaichukua, akaenda kukaa na kichwa cha mbwa mapajani.

"Mbwa," nikasema, "kidonda kiko juu, kwenye ncha."

Akadondosha dawa kwenye shavu la mbwa.

"Juu kidogo."

Ikamwagikia vidole vyake. Mbwa akatikisa kichwa, wote wawili wakawa zambarau, na nzi wakarudi palepale penye wekundu. Nilisimama mbali, mikono yangu mizima, nikitamani kulia.

Chupa ikaisha.

"Muulize," mzee akamwambia mbwa, "nimepafikia penye kidonda?"

"Mwambie," nikasema, "amepafikia."