Anasubiri Kutajwa

Juzi katika duka la kanda za muziki mjini Machakos, jamaa mmoja alikuwa amebandika sikio kwenye spika. Bendi ya muziki wa benga anayoifuata miaka nenda miaka rudi kutoka Masii hadi Wamunyu, ilikuwa imetoa kanda mpya, na mwimbaji, kama ilivyo desturi, alikuwa akitaja marafiki. Alimtaja dereva, mwenye hoteli, hata mng'oa meno.

"Geuza upande ule mwingine," jamaa akamwambia muuzaji. "Mimi ndio hubebanga spika zao. Lazima niko hapo."

Mkewe akaingia na mtoto mgongoni, akamwita kwa jina. Jamaa akazidi kubana sikio kwenye spika. Akaliita tena jina lile. "Mtoto anachemka, twende hospitali!"

Jamaa akainua kiganja bila kugeuka. "We mama, tulia kwanza! Jina langu litanipita."

Lilikuwa limeshampita mara mbili.