Vitu Vyangu Viko Ukutani kwa Mwanamke Mwingine

Admini, jina langu libaki kwako. Nina miaka thelathini na mmoja, nashona mapazia hapa Gitega, Kigali, na sijaolewa. Ningekuwa nimeolewa tangu mwezi wa tisa.

Kwetu mwanaume huleta nyumba, upande wa bibi harusi hujaza vyombo. Mchumba wangu alikuwa amejenga Kanombe, kuta bado zinanuka rangi. Shangazi alinionya: "Vitu ya bibi harusi inafuatana na yeye, mwana wanjye. Haiendi mbele." Mimi na haraka zangu nikamcheka. Nilitaka siku ya kuingia nikute kila kitu kimeshaning'inizwa.

Baba hakutaka fundi aguse. Ni dereva mstaafu, goti lake bovu, lakini aliazima drili akapanda ngazi mwenyewe. Alitoboa, akafunga fimbo za pazia, kabati la vyombo, rafu za bafuni. Nywele zilimjaa vumbi la saruji. Kwa ajili ya kioo kikubwa alinisimamisha ukutani kwanza, akaweka alama ya penseli usawa wa macho yangu, maana mimi ni mrefu kama yeye. Mchumba wangu alimshikia ngazi, anamwita Papa. Sijawahi kumwona baba ana furaha kama siku ile.

Wiki ya kutoa mahari, mchumba akanipigia simu. Msichana wake wa zamani amerudi kutoka Kampala. "Nisamehe, moyo yangu iko kwake." Nikadhani utani. Haukupita muda wakafunga ndoa, na leo anaishi naye katika nyumba ileile. Mimi nililia hadi nikashona pazia la mteja nje ndani.

Nilipodai vitu vyangu alijibu, "Kuja ufungue, hakuna shida. Ila uzibe matundu, upake na rangi." Jamani, maneno hayo yaliniuma kuliko kuachwa kwenyewe.

Nyumbani hatuelewani. Mama anasema kilichofungwa ukutani ni cha nyumba, nimwachie Mungu. Baba halali vizuri, anatembea na bisibisi mfukoni. "Sikutoboa kwa ajili ya binti ya mwingine," anasema. Namzuia kwenda. Naogopa watamdhalilisha mlangoni, mzee wangu, na goti lake lile.

Sasa jana mke mwenyewe kanipigia. Nilijiandaa kwa matusi, kumbe sauti ya upole. "Dada, samahani. Kile kioo iko juu sana, mimi ni mfupi, naona nywele tu. Nimesikia ni yako. Naweza kuita fundi akishushe?"

Nilishindwa hata kumkasirikia. Nikamwambia nitamjibu, nikakata simu, nikalia juu ya cherehani kama mtoto. Bado nampenda yule mwanaume. Nacheka mbele ya watu, lakini nampenda, na aibu inanila.

Nikikubali, nimemkabidhi ile nyumba kwa mdomo wangu. Nikikataa, itabidi niende na baba tukafungue kila kitu mbele yao, na najua nikimwona yule mwanaume tu nitamwaga machozi, baba aone kuwa binti yake angerudi hata leo akiitwa.

Dada wa watu anangoja jibu. Baba hajui kama amepiga. Nyie mliokwisha kuachwa mkapona, nimwambie nini?