Spea za Upande wa Kushoto

Jirani yangu wa juu alipoiona pikipiki yangu mara ya kwanza aliizunguka, akalipiga teke gurudumu la nyuma, akasema, "Ukichoka nayo niuzie mimi. Usiende kuwauzia watu wa mjini." Ilikuwa haijakaa hata nusu saa pale uani. Yeye ni mtu mzima, alikuwa dereva wa malori mpaka alipostaafu, na huku kwetu mgombani mtu mzima anaamkiwa hata akiwa amekuudhi. Nikasema asante mzee, nikaifunika pikipiki kwa turubai.

Nina hasira za karibu. Nimeambiwa nizipunguze tangu nikiwa msichana, na sijaona sababu. Nashona sare za shule katika chumba nilichopanga Soweto, mjini Moshi, na siku za soko napeleka nguo Kwa Sadala. Pikipiki niliinunua kwa sababu nilichoka kuwabembeleza vijana wa bodaboda wanibebee mafurushi kwenye mvua.

Ajali za mwanzo zilikuwa zangu mwenyewe, simdai mtu. Niliachia klachi ghafla, pikipiki ikaruka na mimi juu yake, tukaingia kwenye migomba na mkono wa breki ukakatika. Pale Shirimatunda nilikata kona kwa pupa nikalala mtaroni, saitimira ya kulia ikaenda. Siku nyingine sikuteremsha stendi vizuri, ikajiangusha yenyewe mbele ya wateja wangu, indiketa ikavunjika na mimi nikajifanya natafuta sindano.

Spea nilinunua mjini kwa mama mmoja wa Kihindi. Amezaliwa Moshi, baba yake pia alizaliwa Moshi, na kutukana kwa Kichagga anajua kuliko mimi. Nikiingia tu dukani aliweka mikono kwenye kaunta akauliza, "Leo upande gani?"

Baadaye nikaacha kuanguka mjini. Nikawa naangukia sehemu moja tu, njiani kwetu.

Njia ya kutoka kwangu inapita chini ya kihamba cha yule jirani, shamba lake la migomba, kisha inapinda na kuteremka mpaka barabara ya changarawe. Juu ya kona hiyo unapita mfongo, ule mfereji unaoleta maji ya mlimani na kuyagawa kwenye vihamba kwa zamu. Zamu ya jirani ikifika, asubuhi naikuta kona imelowa chapachapa, na udongo wetu ukilowa ni sabuni. Gurudumu la mbele linaondoka, tumbo linabaki juu, halafu uko chini.

Mbele ya geti lake kuna gogo. Hapo alikaa na rafiki zake wawili wakinywa chai, na kila nilipoanguka walisema kwa pamoja, "Pole, mama!" Waliteremka kunisaidia kuinua pikipiki, jambo lililoniuma kuliko goti. Yeye alinipangusa tope begani akaninong'oneza, "Ile bei yangu bado ipo."

Asubuhi ya kufungua shule nilianguka na furushi zima la sweta za watoto. Mwalimu mkuu alizitazama zile sweta zilizojaa tope, akanitazama mimi, na muhula uliofuata kazi yote akampa fundi mwingine. Nililia chumbani kwangu Soweto huku mlango nimeufunga. Ilibaki kidogo niiuze pikipiki. Ningemuuzia yeye.

Nikaenda kununua pedeli ya gia. Yule mama wa spea aliiweka kaunta, kando yake akaweka indiketa na saitimira, maana alijua nitazitaka. Safari hii hakuniuliza upande.

"Mbona siku hizi ni kushoto tu?" akasema. "Mtu asiyejua kuendesha anaanguka kote kote, dada. Wewe umeshajua. Huko kwenu kuna kitu."

Nilitoka pale dukani nimeshakasirika, ingawa sikujua bado nimkasirikie nani.

Kesho yake niliwasha pikipiki nikaiacha ikinguruma peke yake uani, nikapenya katikati ya migomba mpaka karibu na geti la jirani. Aliposikia injini aliweka kikombe chini. Akachukua jembe, akapanda hadi kwenye mfongo, akaling'oa gogo la mgomba lililozuia maji. Maji yakashuka njiani. Akarudi, akakaa, akachukua kikombe chake. Hata haraka hakuwa nayo.

Sikupiga kelele. Nilirudi nikazima pikipiki, nikaenda mjini kwa miguu, na njia nzima nilijua ninachokitaka. Sikutaka anilipie spea. Nilitaka naye alisikie tumbo lake likibaki juu, watu wakimtazama.

Nilianza na sala. Wiki hiyo jumuiya yetu ilisali nyumbani kwake. Tulipofika kwenye maombi nilisimama nikasema, "Tumwombee baba wa nyumba hii, anayeamka mapema kufungulia mfongo ili mimi nianguke, Mungu amjalie kazi nyingine ya kufanya. Ee Bwana." Wakaitikia wote, kwa mazoea, "Ee Bwana, utusikie." Mke wake alishika rozari akamgeukia, naye akaangalia dari. Tangu siku hiyo sikuona tena kikombe cha chai pale kwenye gogo.

Hazikupita siku nyingi nikamwona anakuja kwangu na jani la sale. Kwetu mtu akikukosea kisha akakuletea sale, huna ujanja. Ukilipokea umesamehe, na kulikataa usoni pake ni jambo ambalo ukoo mzima utakusema mpaka unaingia kaburini. Nikatokea mlango wa jikoni.

Akaanza kuniwinda. Asubuhi alisimama pembeni ya kona na jani lake, jioni vilevile. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, njia imelowa bila msaada wake, na mimi nilijua nikianguka pale tu, nikisimama tu, nimesamehe. Basi sikuanguka. Hapo ndipo nilipojifunza kuendesha: gia namba moja, breki ya mbele usiiguse, macho mbali, mkono mwepesi. Nilimpita nikisema, "Shikamoo mzee!" na "marahaba" yake ikanifikia nikiwa nimeshateremka.

Siku moja alisimama katikati ya njia. Nikafunga breki.

"Nimeleta sale, mama," akasema. "Maana yake unaijua."

"Naijua, mzee. Ila sikuangukia gizani. Rafiki zako walikuwepo. Wako wapi leo?"

"Wako dukani, kule barabarani."

"Nitalipokea mbele yao. Panda."

Aliitazama pikipiki kama hajawahi kuiona. "Nitatembea, mwanangu. Tangulia."

"Mama anatuangalia," nikamwambia.

Kweli, mke wake alikuwa amesimama getini, mikono ameikunja kifuani. Mzee akapanda.

Nikatia stendi, nikamwacha kitini, nikapanda kwenye mfongo. Kabla sijalipokea lile jani nilikuwa sijasamehe, na hakuna mila iliyonizuia. Nikaling'oa gogo la mgomba. Maji yakashuka yote, yakajaza kona, na yeye akiyatazama.

"Mama, unafanya nini?"

"Ni zamu yako, mzee. Hilo jani lishike kwa mikono miwili, ni kitu cha heshima."

Tukateremka. Ningeweza kupita polepole. Nilipita kwa namna ambayo mkia wa pikipiki uliteleza kulia, ukateleza kushoto, tope likaruka mpaka magotini kwake. Kwanza aliita, "Yesu!" Halafu akamwita Maria. Halafu nikasikia mikono miwili imenikamata kiunoni, imenibana mpaka pumzi ikakata, na nilicheka kwa sauti nikiwa peke yangu mbele.

Dukani rafiki zake waliinuka kutoka kwenye benchi. Walimwona meku wao, mzee mzima, amemkumbatia mwanamke mgongoni, macho kayafumba, jani la sale kaling'ata kwa meno. Walicheka. Mmoja alishika nguzo ya duka. Kijiji kizima nadhani kilisikia. Yeye alishuka, na mtu mmoja akamwambia, "Pole, mzee!"

Nilizima injini, nikasimama mbele yake, nikanyoosha mikono yote miwili kama inavyotakiwa.

Alilitoa lile jani mdomoni. Alama za meno zilionekana. Akanitazama mimi, akawatazama wao, kisha akalikunja na kulitia mfukoni mwa koti.

"Sasa wewe ndiye utakayeniletea mimi," akasema, akaanza kupanda mlima kwa miguu.

Nikashusha mikono. Watu walinionea huruma, mwanamke mmoja akanishika bega. Mimi nilikuwa namshukuru Mungu kimoyomoyo, maana nilikuwa bado sijamaliza.